Sidonie Aliuza Jina Lake

"Toa Sido. Weka Rosine."

"Unasema nini?"

"Umesikia vizuri, Carlos. Pale kwenye kiitikio, toa Sido, weka Rosine. Nimejaribu mwenyewe njiani, linaingia bila shida."

Carlos Kambale akavua kaski masikioni, akaiweka juu ya meza. Walikuwa studio, kule Ndosho, mtaa wa Goma, chumba cha mbao kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie. Bagalwa, fundi wa sauti, alijifanya anatafuta kitu chini ya kompyuta. Mtu akiona wakubwa wanataka kugombana, hutafuta kitu chini ya meza.

"Bagalwa, kaka, tuletee mikate," Sidonie akasema.

Bagalwa akatoka. Alipofunga mlango tu, Carlos akapunguza sauti.

"Hii wimbo nilikutungia weye, Sido. Weye mwenyewe. 'Sido, nitaje kwenu.' Sasa unataka nimuombe Rosine anitaje kwao? Rosine ni nani?"

"Binti ya Papa Adalbert. Amemaliza masomo ya uuguzi, baba yake anataka kumupa zawadi. Ni libanga tu, sheri wangu. Ni kazi."

Kwa asiyejua, nieleze. Muziki wetu wa Kongo una desturi ya libanga. Mwenye mfuko anatoa chochote, na mwimbaji anamtaja ndani ya wimbo, gitaa zikishachachamaa na watu wakishaanza kutoa jasho. Anatajwa muuza mbao, anatajwa mwenye duka la vitenge, anatajwa mama fulani wa Bukavu, na hakuna anayeuliza wanapendana na nani. Lakini libanga hutupwa mwishoni, kule kwenye kucheza. Kiitikio ni chumba cha kulala cha wimbo. Mgeni haingizwi humo, hata awe na mfuko wa namna gani.

Sidonie alilijua hilo kuliko mtu yeyote Goma. Alikuwa meneja wa Makoro Musica: ndiye aliyetafuta kazi, aliyebembeleza watangazaji wa radio, aliyegombana na wenye kumbi na wenye jenereta. Na wenye jenereta wanagombana kweli, siyo mchezo. Vita ilipoubana mji, konseri za usiku zikafa, bendi ikabaki kula kwa harusi na mahari za mchana. Papa Adalbert, mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo aliyehamia Goma, mwenye magodoro na mabati mpaka barabarani, alikubali kulipia video nzima. Sharti lake lilikuwa moja tu: jina la binti yake likae kwenye kiitikio.

"Mutie pale mwishoni kama wengine," Carlos akasema. "Nitamutaja hata mara kumi."

"Amekataa."

"Basi na mimi nakataa."

"Carlos, bila ile video tunakufa. Batoto wa bendi banakula nini? Unataka nikuombe kwa magoti?"

Carlos akamtazama. Alimpenda huyu mwanamke mpaka aibu. Walikuwa wapenzi siku nyingi, na hakuna aliyejua, hata Bagalwa. Sheria ilikuwa ya Sidonie: mwimbaji mwenye mtu hauziki, mabinti hawaji kumtazama. Kwa hiyo hadharani walipeana mkono kama wanunuzi wa maharage.

"Sawa," akasema. "Nitaimba Rosine. Lakini Jumapili hii, siku ya Mungu, nakuya kwenu, nimusalimie mama yako. Nimechoka kupita ku mulango yenu nikiinamisha kichwa sawa mwizi."

"Siku ya Mungu hii. Haki ya Mungu."

"Usiape. Fanya tu."

Akarudisha kaski masikioni. Akaimba "Rosine, nitaje kwenu" vizuri hata Bagalwa, aliyerudi na mikate, akasimama mlangoni asiingie.

Wimbo ukalipuka. Sijui niseme nini kingine. Ndani ya wiki ile ile ulikuwa kwenye simu za madereva wa moto, yaani pikipiki za abiria, kwenye saluni, hata wauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wanaufokea. Watoto wakageuza maneno wakaimba "Rosine, nipe sukari." Ukiona watoto wameuharibu wimbo wako, ujue umeshinda.

Jumapili ikafika. Carlos akavaa shati jeupe, akanunua kreti ya Fanta, akaipakia kwenye moto mpaka Katindo, kwa kina Sidonie. Alikuwa ameshuka, anatafuta pa kuweka kreti, simu ikalia.

"Carlos, uko wapi?"

"Niko ku mulango ya kwenu. Weye uko wapi?"

"Niko ku radio! Mutangazaji Viateur ametupa nafasi saa nane, emisyo yote, kipindi kizima, ni ya kwetu. Kuya mbio!"

"Sido, leo ni siku ya mama yako."

"Mama haendi popote, sheri. Radio ndiyo inaenda. Kuya, nakuomba."

Mlango ukafunguka. Mama Thérèse, mama yake Sidonie, mjane wa Bukavu mwenye heshima zake, akamtazama kijana, akatazama kreti.

"Karibu, papa. Unatafuta nani?"

"Shikamoo mama. Nilikuwa... namutafuta Sidonie."

"Hayuko. Ngoja nimupigie."

Mama Thérèse haoni vizuri, na masikio nayo ni mazito kidogo, kwa hiyo simu yake inaongea kwa sauti kubwa, mtaa mzima unasikia. Akapiga.

"Sido, kuko kijana hapa na kreti ya soda, amevaa muzuri kabisa. Ni nani huyu?"

 Hapo, wasomaji wangu, Sidonie angeweza kusema neno lolote. Angesema "mama, mkaribishe." Angesema "mama, nitakueleza nikirudi." Maneno yalikuwa mengi!

"Ah, huyo? Ni mutu wa kazi tu, mama. Mwambie akuye ku radio mbio."

Mama Thérèse akainua macho. "Anasema..."

"Nimesikia, mama. Aksanti. Soda ni yenu."

"Papa, huwezi kwenda bila kunywa hata maji..."

Lakini Carlos alikuwa ameshapanda moto.

Radio nako, Viateur alikuwa moto. Ni mtangazaji ambaye hata akisoma matangazo ya vifo utadhani ni mpira.

"Goma! Tuko naye hapa, Carlos Kambale wa Makoro Musica! Carlos, muji muzima unauliza swali moja. Rosine ni nani?"

Carlos akatazama upande wa pili wa kioo. Sidonie alikuwa amesimama kule na simu mkononi, anaandika haraka. Simu ya Carlos ikatetemeka juu ya meza.

*Usiseme libanga. Papa Adalbert anasikiliza. Sema ni mtu unayempenda.*

Akausoma ujumbe. Akausoma tena.

"Kaka, usitufiche," Viateur akasema. "Ni libanga ama ni roho?"

"Ni mutu ninayemupenda," Carlos akajibu. "Ninamuomba anitaje kwao. Mpaka leo hajanitaja."

"Ayayayayaa! Rosine, uko wapi? Kijana anateseka!"

Nyuma ya kioo Sidonie akainua dole gumba, akicheka kwa furaha. Aliona kazi imekwenda vizuri. Mimi ninaposimulia hapa natamani ningempiga kofi.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Papa Adalbert akataka Rosine awe ndani ya video, na anayelipa hakataliwi. Wakapiga picha ufukweni mwa ziwa, Carlos anaimba, Rosine anatembea mbele yake kwa gauni la njano. Binti hakuwa na majivuno. Alibeba viti mwenyewe, aliwagawia wapiga gitaa maji, na Carlos alipokohoa akamwambia, "Unaimba na koo yenye kidonda. Leo unyamaze kidogo." Hakuna aliyewahi kumwambia Carlos anyamaze kwa ajili yake mwenyewe. Sidonie alikuwa akimwambia aendelee.

Siku moja mchana Rosine akaja mazoezini peke yake. Vijana walikuwa wanafunga vyombo. Akamvuta Sidonie pembeni.

"Yaya Sido," akasema, na yaya kwetu ni dada mkubwa, anayeheshimiwa, "naweza kukuuliza kitu? Lakini usinicheke."

"Uliza, mutoto muzuri."

"Ile wimbo, najua ni papa alilipa. Mimi si mujinga. Ku kazi bananiita Rosine-nitaje, nacheka nao. Lakini sasa... yaya, mi nimeanza kumupenda kweli. Na yeye ananiangalia na huruma fulani, siielewi. Weye uko karibu yake kuliko watu wote. Carlos ana mutu?"

 Asubuhi ile ile Papa Adalbert alikuwa amempigia Sidonie: anafikiria kuipeleka bendi Kampala, wapande jukwaa kubwa, hoteli juu yake. "Binti yangu amefurahi," alikuwa amesema, "na mimi nikiona binti yangu amefurahi nafurahi."

"Juu ya nini unaniuliza mimi?"

"Juu kama ana mutu, naacha leo. Sipendi kuingia ku nyumba ya mwingine. Niambie tu, yaya. Sitakasirika."

Binti alikuwa anamtazama usoni, anasubiri. Nje moto zilikuwa zinapiga honi. Sidonie akajiambia: Carlos ni wangu, haendi popote, nitamweleza jioni, tutacheka. Akatabasamu lile tabasamu lake la kazi.

"Hana mutu."

"Hakika?"

"Hakika. Mwimbaji huyu ameoa gitaa."

Rosine akamkumbatia. Akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia aksanti sana yaya, Mungu akubariki.

Siku mbili baadaye Carlos akapiga simu. Hakusema sheri, hakusema Sido.

"Rosine alikuya kuniona jana."

"Eh? Alisema nini?"

"Aliniambia ananipenda. Nikamujibu nasikitika, kuko mutu. Unajua alisema nini?"

"Niambie."

"Alishangaa, akalia. Akasema: 'Mbona manajeri wako aliniapia huna mutu?' Sido! Nilisimama pale sawa mupumbavu. Nimemuambia mutoto ya watu kuko mutu, na huyo mutu mwenyewe anasema hayuko!"

"Carlos, ilikuwa ya kazi. Papa Adalbert anataka kutupeleka Kampala..."

"Kila kitu ni ya kazi! Wimbo, ya kazi. Radio, ya kazi. Ku mulango ya mama yako nilikuwa mutu wa kazi. Nilisikia, Sido. Simu ya mama yako inasemaka kwa nguvu."

"Mungu wangu... ulisikia?"

"Nilisikia. Nikaenda radio nikakuomba tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uniambie weye."

"Basi twende sasa ivi! Leo! Twende wote kwa mama, nitamuambia kila kitu. Carlos? Nakuomba."

"Leo unaogopa kunipoteza. Haiko kitu kimoja na kunipenda."

"Nakupenda!"

"Niambie nani anajua."

 Hakuna aliyejua. Kwa miaka yote ile, hakuna hata rafiki mmoja aliyewahi kuambiwa na Sidonie: yule ni wangu.

"Unaona," Carlos akasema, na akakata.

Sidonie akapiga, haikupokelewa. Akaandika: *Nisamehe. Nitakutaja popote unapotaka.* Alama zikawa za bluu, jibu halikuja. Mazoezini Carlos akawa anakuja, anaimba, anamwita "Manajeri", anaondoka. Heshima ile ilimchoma kuliko matusi. Na Sidonie, badala ya kwenda nyumbani kwake akapiga magoti, akawa anangoja hasira zipoe, huku akijaza kalenda kwa kazi.

Hasira hazikupoa, zilipata pa kupumzika. Rosine hakumfuata tena Carlos. Alikaa kimya, akampigia tu siku aliposikia koo limerudi kuuma. Akamtafutia dawa. Wakaongea. Baada ya miezi Carlos akamwambia habari yote, jina kwa jina, na Rosine akalia tena, safari hii kwa hasira. Halafu akamshika mkono akampeleka kwao siku ile ile. "Papa," akasema, "huyu ni Carlos. Najua unamujua wa ku wimbo. Mi nakuletea wa kwangu." Carlos alisimama sebuleni mle, anatajwa, na machozi yakamtoka mbele ya mzee wa watu.

Mahari ikatolewa. Sidonie hakwenda, alisema ana malaria.

Halafu yakaja matangazo ya kanisani. Sisi Wakatoliki tunajua: yenga tatu, yaani Jumapili tatu, mfululizo padri anasoma majina ya wachumba mwisho wa misa. Yenga ya kwanza Sidonie alikuwa ameketi karibu na mama yake, nguzo ya tatu, mahali pao pa siku zote.

"Wanakusudia kufunga ndoa," padri akasoma, "Carlos Kambale na Rosine, binti wa Adalbert. Hii ni tangazo ya kwanza. Kama kuko mwenye kujua kizuizi chochote, aseme."

Mama Thérèse akamgonga kiwiko. "Si ni mutoto wa bendi yako? Yule wa kazi, wa kreti ya soda! Proficiat, hongera kwenu!"

Sidonie akaitikia kwa kichwa. 

Yenga ya pili padri akasoma tena. Mama Thérèse akanong'ona, "Na weye Sido, utaniletea lini mutu? Nitakufa bila kumuona?"

"Mama, tuko kanisani."

Yenga ya tatu alifikiria kubaki nyumbani, lakini miguu ikamleta. Padri aliposema "aseme", goti moja lilimtoka mbele, kweli kabisa, alikaribia kusimama. Akawaona watu. Akamwona Papa Adalbert na kofia yake mapajani. Akafikiria watasema nini, meneja mzima kusimama kanisani kulilia mwanaume. Goti likarudi. Padri akaingia kwenye habari za usafi wa kanisa.

Nje, uani, watu walikuwa wanasalimiana. Rosine akaja moja kwa moja, amevaa kitenge cha bluu, akamwinamia kwanza Mama Thérèse.

"Jambo mama. Jambo yaya Sido."

"Proficiat, Rosine," Sidonie akasema. "Nawatakia heri."

"Aksanti. Yaya, naweza kukuambia kitu mbele ya mama? Sitaki kificho tena, kificho ndicho kilitufikisha hapa."

"Sema."

"Carlos aliniambia yote kabla ya mahari. Kwamba ulikuwa mutu wake. Nilikukasirikia sana, juu nilikuuliza na heshima. Kiisha nikamuambia: 'Carlos, tungoje yenga zote tatu. Kama Sido anasimama, hata asiposema kitu, anasimama tu, mi nakuachilia uende. Siwezi kuolewa na mutu mwenye kungojewa na mwingine.' Najua kwa padri haiko kizuizi. Kwangu ingekuwa."

Mama Thérèse akamgeukia bintiye. "Sido? Huyu mutoto anasema nini?"

Sidonie akabaki amemgeukia Rosine. "Na yeye," akamwuliza, "yeye alikubali?"

"Alikubali. Tulikuwa tunakaa musitari wa mbele. Yenga ya kwanza padri alisoma, Carlos akageuka kukuangalia. Nilimuona.  Ya pili akageuka tena."

"Na leo?"

Rosine akamtazama kwa huruma, si kwa ushindi. Ni bora angemtukana.

"Leo hakugeuka, yaya."

Akamwinamia tena Mama Thérèse, akaenda. Kule kwenye lango Carlos alikuwa anamngoja, ameshika mkoba wa Rosine bila aibu mbele ya parokia nzima.

"Sidonie," mama akasema, "yule kijana alikuwa nani?"

"Alikuwa mupenzi wangu, mama." Ikatoka kwa nguvu, watu wawili watatu wakageuka. "Carlos. Alikuwa wangu. Nilimupenda, mama, mpaka sasa nampenda!"

Mama Thérèse akamshika bega. Alitazama kule langoni, kwa macho yake yale mabovu, lakini gari la Papa Adalbert lilikuwa limeshaondoka nao.

"Mbona unaniambia leo, mwanangu?" akauliza. "Mimi ningemukaribisha."